Mbegu ya bunya ikikauka imekufa: neno kwa wanaoagiza kutoka Queensland

Ndugu Mhariri,

Msimu wa bunya unapokaribia huku Queensland, Australia, simu kutoka nyumbani huja na ombi lile lile: tutumieni mbegu kumi au ishirini za ule mti mrefu unaoangusha matunda makubwa kama maboga, tukapande na sisi. Toowoomba na Brisbane zina wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo na Burundi. Wakipita kwenye bustani za mji wakakuta mbegu zimetapakaa chini, huziokota, wakazianika juani siku tatu nne kama mtu anikavyo maharage ya mbegu, kisha wakazifunga kwenye bahasha na kuzituma. Anayepokea anapanda, anamwagilia miezi miwili, haoni kitu. Anafukua, anakuta ganda tupu au uozo, na anasema mti huo haukubali kwetu. Tunaandika kwa sababu kosa haliko kwenye ardhi yake. Mbegu nyingi zilikufa kabla hazijaingia kwenye bahasha, na zile chache zilizokuwa hai zilifukuliwa zikiwa njiani kuota.

Mti wa bunya, kwa jina la kitaalamu Araucaria bidwillii, si msonobari, ingawa kwa Kiingereza umepewa jina hilo. Ni wa ukoo wa araukaria, ndugu wa ule mti wa mapambo wenye matawi yaliyojipanga ngazi kwa ngazi ambao watu wengi wa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam wameupanda mbele ya nyumba. Bunya una majani magumu yanayochoma kama sindano, na ukikomaa kichwa chake huwa cha mviringo kama kuba la msikiti, kwa hiyo hata ukiwa mbali huwezi kuukosea. Hufika mita 30 hadi 45, na shina la mti mzee huzidi mita moja kwa unene. Kwao ni kusini-mashariki mwa Queensland: Milima ya Bunya iliyoko takribani kilomita 200 kaskazini-magharibi mwa Brisbane, safu ya Blackall, na bonde la mto Mary. Kuna makundi mengine mawili madogo mbali sana kaskazini. Kwenye Milima ya Bunya umesimama juu ya udongo wenye rutuba uliotokana na miamba ya volkano, kwenye mwinuko wa mita 1,000 hivi. Mvua kubwa hunyesha Desemba hadi Machi, na usiku wa Julai jalidi huweza kushuka. Mtu wa pwani ya joto asijihesabu bado. Wa nyanda za juu ana sababu ya kuuliza.

Mti mmoja hubeba koni za kiume na za kike pamoja, kwa hiyo hata ulio peke yake unaweza kuzaa, ila ukiwa na wenzake mbegu zinazojaa ni nyingi zaidi. Upepo hubeba chavua Septemba hadi Novemba, kisha koni ya kike, lile tunda kubwa kama boga, hukaa juu karibu mwaka na nusu kabla ya kukomaa. Huanguka Januari hadi Machi ikiwa bado ya kijani. Ina upana wa sentimita 20 hadi 30, uzito wake waweza kufika kilo 10, na ndani yake mna mbegu 50 hadi 100, kila moja imelala kwenye gamba lake. Mavuno makubwa hayaji kila mwaka. Huja kama kila mwaka wa tatu.

Sasa mbegu yenyewe. Ukiipasua ikiwa mbichi unakuta kiini cheupe, kizito, chenye majimaji. Karibu mbili ya tano ya uzito wake ni maji, mbili ya tano nyingine ni wanga, na mafuta ni kidogo mno. Haina desturi ya maharage au mahindi, ambayo hukauka, yakalala ghalani, na msimu ukifika yakaamka. Ifikirie kama mbegu ya fenesi au kokwa la embe: haina usingizi wa kukauka. Ikishapoteza sehemu kubwa ya maji yake, kijichipukizi kilichomo ndani hufa, na hata uiloweke wiki nzima hakirudi. Itavimba, itaonekana nono, kisha itaoza. Ndiyo maana kuianika juani, ambako kwa mbegu nyingine ni uangalifu, kwa hii ni kuiua.

Wenyeji wa asili wa nchi hii walilijua jambo hilo kabla ya yeyote kuliandika. Watu wa Wakka Wakka, Jinibara, Kabi Kabi na majirani zao walikusanyika kwenye milima hii miaka ya mavuno makubwa, na wageni walitembea mamia ya kilomita kuja kula, kusuluhisha magomvi, kufungisha ndoa na kubadilishana bidhaa. Mbegu zilizobaki hawakuzianika. Walizizika kwenye udongo wenye unyevu karibu na maji, wakazifukua baadaye kuzila. Ghala lao lilikuwa tope.

Anayetaka kuotesha afuate njia hiyo hiyo. Okota koni iliyoanguka siku hiyo au jana yake. Ikiwa bado imekaza, iweke kivulini siku mbili hadi tano, itaachia yenyewe na magamba yatatoka kwa mkono. Vaa glovu, maana utomvu wake unanata. Ukikushika, pakaa mafuta ya kupikia kwanza ndipo unawe kwa sabuni. Toa mbegu kwenye magamba, kisha zimwage kwenye ndoo ya maji. Zinazozama zichukue, zinazoelea zitupe, kwa kuwa nyingi ya hizo hazikupata chavua na ndani mna hewa tu. Usishtuke ukikuta tupu nyingi, hasa koni ikiwa imetoka kwenye mti uliosimama peke yake mjini.

Zilizozama zisilale nje hata siku mbili. Zipange kwenye trei au sanduku lenye kina cha sentimita 20 lililojazwa mchanga wa mto uliooshwa, uliochanganywa na vumbi la nazi au mboji iliyoiva, nusu kwa nusu. Laza mbegu kwa ubavu, ifukie mpaka nusu ya unene wake, mgongo ubaki ukionekana. Unyevu upime kwa mkono: finya mchanga, ukishikana bila kuchuruzika maji umefaa. Weka kivulini, funika kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, kwa sababu panya huipenda mbegu hii kuliko mahindi na usiku mmoja hutosha kumaliza trei nzima.

Kinachofuata ndicho kinachowapoteza watu, nasi tunaomba kisomwe polepole. Baada ya wiki kadhaa ganda hupasuka upande wa ncha na kinatoka kitu cheupe kinachofanana na mzizi mnene. Huo si mzizi wa kawaida, wala chipukizi halitafuata hapo. Ni mrija. Unazama moja kwa moja kwenye mchanga sentimita kadhaa, na chakula chote kilichokuwa ndani ya mbegu kinashuka kupitia humo mpaka mwisho wake chini uvimbe, uwe kiazi kidogo chenye umbo la karoti changa. Chakula kikishahama, mrija hunyauka na ganda hukatika. Juu ya mchanga unabaki na ganda tupu, jepesi, ukilibonyeza linabonyea. Mtu asiyejua anasema imeliwa na mchwa, anamwaga trei. Kumbe mti uko chini yake, mzima, umejifungia kwenye kiazi, unangoja.

Unangoja muda gani? Hapo hakuna ratiba. Kiazi kimoja hutoa chipukizi baada ya miezi miwili, jirani yake aliyetoka koni ile ile akakaa mwaka mzima na zaidi. Ni tabia ya mti wenyewe: viazi vikiamka kwa zamu, ukame au moto wa msimu mmoja hauwezi kuviua vyote. Kwa mwenye kitalu maana yake ni kwamba trei ya bunya haimwagwi kabla ya miaka miwili.

Njia inayookoa nafasi ni kufukua viazi kwa makusudi. Ganda likishakuwa tupu, pekua mchanga kwa vidole, usitumie jembe wala kijiko cha ncha, toa kiazi, kiangalie. Kilicho hai ni kigumu na cheupe kinapokwaruzwa kidogo kwa ukucha. Kilichooza ni laini na kina harufu. Panda kila kiazi kwenye kiriba chake, kichwa juu, kichwa hicho kikiwa sentimita mbili chini ya uso wa udongo. Kiriba kiwe kirefu, sentimita 30 au zaidi, kwa sababu mzizi mkuu hukimbilia chini mapema. Kwenye kiriba kifupi mzizi hufika chini, hujikunja na kuanza kuzunguka, na mti uliozungukwa na mzizi wake wenyewe unaweza kuonekana mzuri miaka kumi kisha ukaanguka kwa upepo. Mchanganyiko unaofaa ni debe mbili za udongo wa msituni, debe moja ya mchanga na debe moja ya mboji. Samadi mbichi usiweke.

Katika yote yanayoua miche, la kwanza ni maji kutuama. Udongo ukikaa na maji, vimelea vya fitofthora, ndugu wa wale waletao bakajani chelewa kwenye viazi na nyanya, huingia kwenye mizizi. Majani hugeuka manjano kutoka chini, kisha kahawia, na mche hufa umesimama. Kwenye Milima ya Bunya kwenyewe fitofthora imeua miti mikubwa, na ndiyo sababu kwenye njia za hifadhi kuna vituo vya kusafishia viatu. Tafadhali visitumike kama mapambo: tope dogo kwenye soli ya buti linatosha kubeba ugonjwa kutoka bonde moja hadi jingine. La pili ni jua kali. Mche wa bunya umezoea kivuli cha wakubwa wake. Ukiutoa kitaluni moja kwa moja kwenda juani unaungua ncha. Uzoeshe kwa mwezi, saa mbili tatu za asubuhi kwanza.

Mche ukifika sentimita 30 hadi 50 unahamishwa mvua zikianza. Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha. Miaka ya mwanzo utadhani umedumaa, unajenga mizizi. Koni za kwanza tegemea baada ya miaka 15 hivi, mara nyingi zaidi ya hapo. Anayeutaka kwa biashara ya haraka aupande mparachichi.

Mahali pa kupanda ndipo tunapotaka kusema kwa sauti kubwa. Kitu cha kilo 10 kikianguka kutoka mita 30 hakikupi onyo. Hapa Queensland na miji mingine ya Australia, msimu ukifika, halmashauri huzungushia miti hii uzio na kuweka mabango, au huwatuma wakwea miti wakaangushe koni kabla hazijajiangusha. Magari yamebonyezwa mapaa. Kwa hiyo usiupande shuleni, sokoni, kanisani, msikitini, kando ya barabara wala mahali mama anapoanika nguo. Weka mita 20 kati ya shina na nyumba au njia yoyote. Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 hana nafasi ya mti huu, na ni bora aambiwe leo akiwa na mche mkononi kuliko wajukuu waje kulipa gharama ya kuukata. Hata wakati wa kuokota, okota asubuhi yenye utulivu, helmeti kichwani, watoto wabaki nje ya kivuli cha mti.

Kuhusu kula. Ladha ya mbegu iliyochemshwa iko kati ya mbegu ya fenesi na kiazi kitamu kikavu, na waliokulia pwani huielewa mara moja. Chemsha na ganda lake kwenye maji ya chumvi dakika 30 kwa sufuria ya kawaida, kisha zitoe chache chache na uzikate zikiwa za moto. Zikipoa ganda hukaza upya na utahangaika. Mkasi wa kupogolea matawi hufanya kazi vizuri kuliko kisu: bana mbegu katikati, kata, finya, kiini kinatoka. Ndani kuna kijiti chembamba cha rangi ya maziwa, hicho ndicho kijichipukizi; wengine hukitoa kwa kuwa kina uchungu kidogo. Ukitaka kuchoma kwenye makaa, kwanza toboa au kata ufa kwenye kila ganda. Bila ufa, mvuke hujaa ndani na mbegu hulipuka, na vipande vyake vya moto hufika usoni. Viini vilivyopikwa huingia kwenye mchuzi wa nazi bila tatizo, na vikikaushwa baada ya kupikwa husagwa unga usio na gluteni. Mbichi za kula zihifadhi kwenye friji ndani ya mfuko, wiki chache tu, maana hata humo huanza kuota. Za muda mrefu zitie kwenye friza. Za friza ni za chungu peke yake, hazioti tena. Yenye ukungu ndani itupe, usikate sehemu ukabakiza sehemu.

Tahadhari moja kwa wageni wa Queensland: si kila mbegu kubwa iliyo chini ya mti ni bunya. Porini kuna mimea mifupi yenye umbo la mnazi mdogo, ya jamii ya saikadi, inayotoa mbegu nono zenye ngozi ya rangi ya chungwa au nyekundu. Hizo ni sumu. Wenyeji walizila baada ya kuziloweka na kuzichuja kwa siku nyingi kwa ujuzi wao, wewe usijaribu. Bunya huanguka kutoka juu, ndani ya koni, na mbegu yake haina nyama ya rangi kwa nje. Pia wapo wauzaji wanaochanganya bunya na araukaria wa Brazil, Araucaria angustifolia, ambao nao huliwa mbegu zake nyembamba. Ule una mti dume na mti jike mbalimbali, kwa hiyo ukipanda mmoja ukangoja mbegu, utangoja bure.

Na mbegu zitoke wapi? Zisitoke ndani ya hifadhi. Milima ya Bunya ni hifadhi ya taifa tangu 1908, na kuchukua mbegu humo bila kibali ni kosa. Isitoshe, mti huu ulishadhulumiwa vya kutosha, na watu wake pia. Mwaka 1842 Gavana Gipps wa New South Wales alipiga marufuku kutoa leseni za malisho na za kukata mbao kwenye ardhi yenye bunya, kwa sababu ni chakula cha wenyeji. Queensland ilipokuwa koloni la peke yake mwaka 1859, haikupita muda amri hiyo ikafutwa, na misumeno ikaingia. Jina la kitaalamu likabaki la John Carne Bidwill, Mzungu aliyepeleka vielelezo Uingereza mwaka 1843. Jina bunya ni la wenyeji, nalo ndilo tunaloomba litumike kwa Kiswahili. Mbegu za kuotesha zinapatikana kwa wenye mashamba yenye miti iliyopandwa, nao wengi hufurahi mtu akija kuziondoa kabla ya nguruwe pori.

Kutuma nje bila karatasi ni kuzitupa. Anayeagiza akiwa Kenya anahitaji kibali cha KEPHIS, akiwa Tanzania cha TPHPA, ambazo ni mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo, na kibali hicho kinapaswa kupatikana kabla mzigo haujatoka huku, kikifuatana na cheti cha afya ya mimea kutoka Australia. Masharti hayo yana sababu: fitofthora tuliyoitaja husafiri kwenye udongo uliogandia kwenye ganda. Kwa hiyo anayetaka mbegu za msimu ujao aanze kuomba kibali Oktoba au Novemba, koni zikiwa bado juu. Mbegu zikianguka Januari zioshwe, zipimwe kwa maji, zifungwe kwenye vumbi la nazi lililonyunyizwa maji au kwa kitu kingine kitakachokubaliwa kwenye kibali, ndani ya mfuko wenye matundu madogo, na zisafiri kwa ndege wiki hiyo hiyo. Anayepokea awe na trei ya mchanga tayari siku mzigo unapofika, na wavu wa panya juu yake.

Wakuza miche,
Toowoomba, Queensland